Uhuru wa Mtu na Mkono wa Serikali

Katika darasa zetu za baada ya Isha limezuka suala ambalo wengine wamelicheka na wengine wamelikasirikia. Vijana wetu wasoma riwaya, nyingi za Kizungu na baadhi zilizotungwa kwa Kiswahili, zisimuliazo khabari za miji na dola za kubuni ambazo watawala wake humwangalia mtu usiku na mchana, humhesabu kama gunia, humwamuru akae wapi, afanye kazi gani, na afikiri nini. Wazee wauliza: Ni faida gani kusoma mambo yasiyokuwa? Umri ni mfupi, na kila mtu ataulizwa ameutumiaje. Suala hili ni la haki, na lastahili kujibiwa kwa hoja.

Jawabu letu ni kuwa hadithi hizo zamfaa msomaji ajiulizaye ndani ya nafsi yake: Lau ningelikuwa katika mji ule, ningelikuwa nani? Kwani ukizisoma kwa makini utaona kuwa dola dhalimu haijengwi na mtawala peke yake. Hujengwa pia na jirani aliyenyamaza siku dhulma ilipoanzia mlango wa mtu asiyemhusu. Hilo ndilo tutakalo kulieleza, na ushahidi wetu mkubwa tutautoa Kericho na Bomet, katika milima itokayo chai tunayoinywa sote.

Kwanza ifahamike kuwa kuwasema watawala kwa hadithi za kubuni si jambo lililozushwa na Wazungu. Katika karne ya pili ya Hijra, Ibn al-Muqaffa alikifasiri kwa Kiarabu kitabu cha Kalila wa Dimna, ambamo simba ndiye mfalme, na bweha ndiye mshauri mwenye fitina, na ng'ombe asiye na hatia auawa kwa uwongo uliopambwa. Kila aliyekisoma alijua kuwa khabari si ya simba wala bweha, ni ya baraza la mfalme. Baadaye, katika karne ya nne, Abu Nasr al-Farabi, ambaye wanazuoni humwita Mwalimu wa Pili, aliandika juu ya mji mwema na watu wake, kisha akaihesabu miji iliyo kinyume chake, ukiwamo mji ambao watu wake hawatafuti kitu illa kuwashinda na kuwamiliki wengine. Riwaya za siku hizi ni matawi ya mti huo wa zamani.

Na kama hadithi ni maneno matupu, mbona watawala huziogopa? Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa kwa Kikikuyu riwaya ya Matigari, khabari za mtu azungukaye nchi akiuliza wapi aweza kuipata kweli na haki. Mtungaji mwenyewe amesimulia kuwa watu walimzungumza huyo Matigari vijijini hata polisi wakaamriwa wamkamate, kisha ikagunduliwa kuwa ni mtu wa kitabuni. Mwaka 1987 kikakamatwa kitabu badala yake. Serikali iliyomwogopa mtu asiyekuwako imewajibu wazee wetu kuliko tuwezavyo sisi.

Sasa natuzitazame tatu katika riwaya zilizo mashuhuri. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika, baada ya mapinduzi ya nchi yake, juu ya dola ambayo watu wake hawana majina, wana nambari tu, nao wakaa katika nyumba za vioo ili kila mmoja aonekane. Pazia hushushwa kwa ruhusa na kwa saa maalumu. Kwao kitabu kilizuiliwa, kikatolewa kwanza kwa Kiingereza mwaka 1924. Mwaka 1932 Mwingereza Aldous Huxley akatoa riwaya ya dola ambayo kiboko hakihitajiwi, kwa sababu watu wamezoezwa tangu utotoni kuipenda kazi waliyopangiwa, na wakiingiwa na huzuni hupewa dawa ya kuwasahaulisha. Mwaka 1949 akaja George Orwell na kitabu kiitwacho kwa jina la mwaka 1984. Humo ukutani mwa nyumba mna chombo kimwonacho mwenye nyumba, na iko ofisi ambayo kazi yake ni kuyaandika upya magazeti ya zamani ili mtawala asionekane amekosea. Orwell huyo ndiye mtungaji wa kisa cha wanyama waliompindua bwana wao, kisha nguruwe wakawa mabwana wapya, kilichofasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama.

Ukizikusanya riwaya hizi utaona kuwa mkono wa mtawala huvaa nguo mbili. Nguo ya kwanza ni khofu: mtu hutii kwa kuwa aogopa. Nguo ya pili ni raha: mtu hutii kwa kuwa chakula chake, nyumba yake na dawa ya mtoto wake vyote vimo mkononi mwa yule amwamuruye. Ya kwanza huonekana na kila mtu. Ya pili ni ngumu kuijua, kwani mwenye kuvishwa huishukuru.

Orwell, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eric Blair, hakuyatoa hayo hewani. Tangu mwaka 1922 hadi 1927 alikuwa afisa wa polisi ya Kiingereza katika nchi ya Burma, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kuwa kazi ile ilimfanya auchukie ubeberu. Kwa rai yetu, mengi aliyoyaogopa yasiwafike watu wa London aliyaona yakiwafika watu wa Burma. Msomaji wa Ulaya alitetemeka kwa jambo ambalo lingeweza kuja. Mtu wa Afrika angelikuwa na haki ya kusema: Haya kwetu yalikwisha kuja. Na mfano wa karibu uko Kericho.

Ndugu wa Mombasa, Malindi na Lamu, huenda mkauliza Kericho yatuhusu nini. Yatuhusu kila asubuhi. Majani yachumwayo huko, mawili na chipukizi lake, huteremshwa hadi maghala ya Mombasa, na mjini Mombasa ndiko ufanywako mnada wa chai wa Afrika Mashariki. Wachukuzi wetu huipakia, na sisi huinywa kwa mahamri. Ni aibu mtu kuijua ladha ya kitu kila siku asiijue khabari yake.

Ardhi ile ilikuwa ya Wakipsigis. Ukoloni ulipoingia, sehemu kubwa iliyo nzuri ilitwaliwa. Mwaka 1919 maelfu ya eka yalitengewa maafisa wa Kiingereza waliopata ulemavu vitani, ili walime kitani. Shauri lile likaanguka, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai yakaingia mahali pao. Chai yataka mikono mingi, na mikono hiyo ilitakiwa ikae mahali pamoja, isiondoke ipendapo. Dawa ya haja hiyo ilikuwa imekwisha kutungwa, nayo ni kipande.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefika umri wa miaka 16 alilazimishwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, na mshahara wake. Aliichukua ndani ya mkebe wa bati, wengi wakiutungika shingoni kwa uzi. Bwana asipotia sahihi ya kumwachia, mtu hakuweza kuandikwa kazi pengine bila kuingia mashakani. Zamyatin alibuni watu wa nambari. Huku nambari zilitembea barabarani zikigongana na vifungo vya kanzu na kabuti. Harry Thuku alipouinua mkono kuupinga mzigo huo na mingine, alikamatwa mwaka 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiwe walipigwa risasi. Mpaka mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote.

Lakini kipande kiliwapata wengi, na jambo la wengi huwa na faraja yake. Zaidi ya hilo ni lile lililoufika ukoo mmoja. Wakipsigis wana ukoo uitwao Talai, ambamo walitoka viongozi wao wa mambo ya ibada na utabiri. Mmoja wao huitwa orgoiyot. Waingereza waliwaona kuwa wana nguvu juu ya nyoyo za watu kuliko machifu waliowaweka wao, wakawatuhumu kuwa ndio wachocheao wizi wa ng'ombe na fujo. Mwaka 1934 ikatungwa sheria makhsusi ya kuwaondosha wale waliowaita Malaiboni. Watu karibu 700, wanaume, wanawake na watoto, wakahamishwa kutoka baridi ya Kericho wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, nchi ya joto, yenye mbung'o na malaria, wawekwe huko chini ya ulinzi. Hayo yalitokea miaka 15 kabla ya kitabu cha Orwell kutoka. Walioruhusiwa kurudi baadaye, wengi wao waliikuta ardhi yao imo mikononi mwa wengine. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ya Kenya iliamua kuwa Wakipsigis na Talai walidhulumiwa, na mwaka 2022 wawakilishi wao wakaipeleka Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Yachunguzwe mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, yalifanywa kwa sheria. Hapana jambazi aliyevunja mlango usiku. Palikuwa na baraza, na kura, na mhuri. Wako watu wadhanio kuwa dhulma ni kuvunja sheria, na wakishaonyeshwa karatasi yenye mhuri hutulia. Talai watufunza kuwa sheria yenyewe yaweza kuwa ndiyo silaha. La pili, mtoto aliyezaliwa katika ukoo ule hakuulizwa ametenda nini. Aliulizwa baba yake ni nani. Kama palikuwa na mwizi wa ng'ombe, mahakama zilikuwako. Kumwadhibu mtu kwa tendo la mwingine kumekatazwa katika dini yetu kwa maneno yaliyo wazi, kuwa hapana nafsi ibebayo mzigo wa nyingine. Na hatta asiye na kitabu hulijua hilo kwa akili yake.

Mtu atasema: Talai walikuwa watabiri, na sisi hatuukubali utabiri. Ni kweli hatuukubali. Lakini kuna hoja gani hapo? Mwenye kuitetea haki ya yule anayekubaliana naye tu, huyo autetea upande wake, hajaitetea haki. Imani ya mtu hujadiliwa kwa ulimi na kwa mfano mwema. Kumtia yeye na wanawe katika lori haijapata kuwa mjadala.

Hiyo ni nguo ya khofu. Nguo ya raha ilikuwa ikishonwa katika milima hiyo hiyo. Kampuni ya chai ilimpa mfanyakazi nyumba, na maji, na zahanati, na skuli ya watoto, na duka, na uwanja wa mpira. Haki isemwe: wengi walipata hapo matibabu na masomo ambayo hawangeyapata kwingine, na wapo leo madaktari na walimu waliolelewa katika kambi zile. Walakini tazama jinsi mambo yalivyofungamana. Nyumba ni ya kazi; siku kazi ikatikayo, nyumba nayo hukatika, na skuli, na jirani wa miaka ishirini. Basi nyapara apangaye nani achume leo na nani akae hushika zaidi ya mshahara wa siku moja. Ameshika maisha yote ya mtu. Mwaka 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wanawake wa mashamba ya Kericho waliodaiwa miili yao na wasimamizi ili wapewe kazi. Hapo hapakuwa na askari wala sheria ya kuhamisha watu. Palikuwa na haja tu, na mtu mmoja aliyekuwa na ufunguo wa kila mlango. Anayetegemea mkono mmoja kwa kila kitu, uhuru wake ni kama wa ndege katika tundu lenye chakula kizuri.

Tena kulikuwa na mpaka mwingine. Mkipsigis aliyeishi ukingoni mwa shamba la kampuni hakuruhusiwa kuupanda mche wa chai katika ardhi yake mwenyewe. Waafrika walizuiliwa hadi miaka ya 1950. Sasa maelfu ya wakulima wadogo wa Kericho na Bomet wana miche yao, hupeleka majani katika viwanda vyao na huwachagua wakurugenzi wake. Nao hugombana juu ya bonasi, na hutuhumiana, na hushtakiana. Kuna wasikiao kelele hizo wakasema: Heri zamani, palikuwa kimya. Sisi twasema kuwa kimya cha zamani kilikuwa ni cha mtu aliyezibwa mdomo. Mwenye haki ya kugombana juu ya mali yake ni mwenye mali.

Sasa twaja katika ugumu wa mas'ala. Je, twasema serikali isiwe na mkono kabisa? Hapana. Yaliyotokea Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, hapa pwani, yatosha kumzuia mwenye akili kusema hivyo. Mwaka 2023 msituni mle ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa wafunge hadi kufa, na watoto wakiwa miongoni mwao. Hapo kosa la serikali lilikuwa ni kuchelewa kuingia. Mtoto anayenyimwa chakula hana uhuru wa kuheshimiwa na jirani; ana roho ya kuokolewa. Serikali isiyoingia mahali kama hapo imeiacha amana yake.

Basi mpaka uko wapi baina ya Shakahola, palipotakiwa mkono, na Gwassi, palipokuwa na dhulma? Kipimo tukionacho ni hiki: Je, yule aliyeshikwa aweza kuuliza kwa nini, mbele ya mtu asiyekuwa yule aliyemshika, na sababu isipopatikana akaachiwa? Mwenye kipande hakuwa na wa kumuuliza. Talai walipewa sheria, hawakupewa kesi. Mchuma chai aliyeonewa na nyapara alipelekwa kwa nyapara mkubwa. Lakini wazazi wa Shakahola wangeulizwa kwa tendo lililo dhahiri, juu ya watoto walio hai wenye majina, na hakimu au jaji angekuwa baina yao na polisi. Mkono ule ule ukiwa na wa kuuhoji ni ulinzi, ukikosa wa kuuhoji ni minyororo. Wema wa mwenye mkono haubadilishi jambo hili.

Na tunasema wema haubadilishi, kwa sababu iko khabari mashuhuri ambayo Imamu Ghazali ameitaja katika Ihya. Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, aliparamia ukuta wa nyumba ya mtu akamkuta katika munkari. Yule mtu akamwambia kuwa ikiwa yeye amekosa moja, Amirul-Muuminina amekosa matatu: amepeleleza, na kupeleleza kumekatazwa, ameingia kwa ukuta, na nyumba huingiwa kwa milango yake, na ameingia bila ya ruhusa wala salamu. Umar hakumkamata. Alimwacha, baada ya yule mtu kuahidi kutubu. Ndugu msomaji, ni nani katika watawala aliye mwadilifu kumshinda Umar? Kama yeye alikubali kuwa mlango wa mtu una haki juu yake, basi asiyekuwa Umar apaswa zaidi. Vyombo vya kuparamia kuta leo havihitaji miguu. Simu iliyo mfukoni yajua mtu alipolala na alipozungumza na nani. Ukuta umepungua, lakini hukumu ya ukuta haikupungua.

Turudi sasa kwetu, kwani darasa lisilorudi nyumbani ni mapambo. Mwezi wa Aprili mwaka 2014, baada ya mashambulizi yaliyoua watu wasio na hatia, polisi walifanya msako mkubwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, wakakusanywa katika uwanja wa mpira wa Kasarani uliotangazwa kuwa kituo cha polisi. Waliouawa katika mashambulizi yale walikuwa na haki ya damu yao, na muuaji alistahili kutafutwa. Lakini mama aliyechukuliwa na mtoto mgongoni aliulizwa swali lile lile la Gwassi: Wewe ni wa ukoo gani? Wengi wetu huku pwani, tulio wa dini moja nao, tulisema nini? Tulisema: Sisi ni Waswahili, yale ni mambo ya Wasomali.

Neno hilo si jipya. Katika tarehe ya Mombasa yajulikana kuwa zama za ukoloni watu wa mji walipigania kwa miaka mingi wasihesabiwe katika daraja ya wenyeji, bali wahesabiwe pamoja na Waarabu, ili waepukane na mizigo ya daraja ile na wapate kura. Hatuwalaumu kwa kutafuta nafuu, kwani mzigo ulikuwa mzito. Tunalolitazama ni namna ya madai. Walidai watolewe katika orodha. Orodha yenyewe waliiacha isimame juu ya mabega ya wengine. Na orodha iliyoachwa isimame haikosi siku ya kumrudia aliyetoka. Baada ya uhuru, kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu wa pwani aliyekwenda kutaka kitambulisho alidaiwa cheti cha babu yake, na kukalishwa mbele ya watu wa kumchunguza, ilhali mwenzake wa jina jingine alipewa kwa siku chache.

Ulinganishe mwendo huo na wa Wanubi, jumuiya ndogo ya Waislamu ambao mababu zao waliletwa Kenya kama askari. Nao walitaabishwa sana kwa mambo ya vitambulisho. Serikali ilipoanza mwaka 2019 kuwaandikisha watu wote kwa Huduma Namba, jumuiya yao ya haki, Nubian Rights Forum, ilikwenda mahakamani pamoja na wengine. Hawakuomba Wanubi wapewe nafuu yao peke yao. Waliuliza kwa niaba ya kila Mkenya: Kwa nini mwataka haya, na nani atayalinda? Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kuwa serikali haina haki ya kukusanya chembe za nasaba za watu wala alama za mahali nyumba zao zilipo kwa uandikishaji ule, na kuwa kazi iliyobaki isiendelee mpaka itungwe sheria ya kutosha ya kuilinda. Hapo kipimo tulichokitaja kilifanya kazi: aliyeshikwa aliuliza, mbele ya asiyekuwa mshikaji, na mshikaji akazuiwa. Mchuma chai wa Kericho, ambaye pengine hajapata kumwona Mnubi, alilindwa siku ile bila ya kujua.

Hatusemi nambari ni uovu. Nambari yaweza kumfikishia mjane haki yake na mgonjwa dawa yake. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilianza nambari nyingine, Maisha Namba, ambayo mtoto hupewa azaliwapo na kukaa nayo umri wake wote. Wajibu wetu ni kuiuliza swali lile lile bila ya kuchoka: Ni nani aiangaliaye, na yeye aangaliwa na nani?

Mwana wa pwani yetu, Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini bila ya kesi mwaka 1986, alitoa mwaka 1995 riwaya ya mtu aliyehukumiwa na dola dhalimu, kisha akafika nchi nyingine ambayo watu wake ni sawa. Nchi hiyo aliiita Walenisi, na ukilipasua jina hilo utapata maneno matatu: wale ni sisi. Hatujui tafsiri ya uhuru iliyo fupi kuliko hiyo. Talai waliposukumwa Gwassi, wale walikuwa ni sisi. Kasarani, wale walikuwa ni sisi. Mwanamke aliyesimama mbele ya nyapara katika shamba la chai, na hana pa kulala akikataa, huyo naye ni sisi.

Kwa hiyo twawaambia wazee wetu: waacheni vijana wasome, kisha waulizeni wamejiona wapi katika kisa. Aliyejiona yu mfungwa peke yake hajasoma vizuri. Na twawaambia vijana: msimalize hasira zenu juu ya watawala wa kitabuni. Mlinzi wa uhuru hujulikana kwa mambo madogo. Polisi akimchukua kijana wa mtaa wa pili, usiulize kwanza ni kabila gani. Uliza amepelekwa kituo gani na atafikishwa mahakamani lini. Ukiitwa barazani uambiwe kuwa sheria yaja, isomeni kabla ya kupiga makofi. Na ukitakiwa uwe jicho la mtu juu ya jirani yako bila ya kosa lijulikanalo, kumbuka kuwa ukuta ule Umar aliuteremka.

Wabillahi tawfiq.